Watoto wa Basi la Mbele

Kaka yangu Malachy Feerick alikuwa tarishi wa posta hapa kijijini Kilbrone, na kabla sijasema lolote jema juu yake naomba ijulikane kwamba alikuwa mkaidi. Mkaidi wa kuja na koti la posta harusini kwangu, kwa sababu eti koti lake jingine lilimbana kwapani. Mkaidi wa kuendelea kugawa barua kwa baiskeli miaka mingi baada ya ofisi kumpa gari, gari lenyewe likaota ukungu nyuma ya nyumba. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke. Lakini ukaidi huohuo ndio ulioanzisha msafara wa baiskeli unaotoka Kilbrone hadi Dublin, mji mkuu, kila mwezi wa Juni, na msafara huo bado upo, na mimi ndiye dereva wa gari la nyuma kabisa. Tunaliita Ufagio. Linaokota waliochoka, waliopata pancha, na wale wanaume wa mjini wenye vitambi walionunua baiskeli ya bei ya ng'ombe watatu wakasahau kununua pumzi.

Binti yake Sorcha, mtoto wake wa pekee, alizaliwa mwaka 1979 na ugonjwa wa sistiki faibrosisi. Huku kwetu hakuna parokia isiyoujua. Mtoto anaurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili wazima kabisa, hawajui wamebeba nini. Makohozi yanakuwa mazito mapafuni kama gundi, vijidudu vinafanya makao humo, na miaka ile mtoto aliyefika sekondari watu walimwona kama muujiza. Kila asubuhi kabla ya kwenda posta, Malachy alimlaza Sorcha kifudifudi mapajani, kichwa chini, akampigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa mpaka makohozi yalegee. Jioni tena. Ukipita nje uliisikia sauti hiyo, na wageni wasiojua walidhani anamchapa mtoto.

Mwaka 1983 alimpeleka Dublin hospitali, wakalala kwenye benchi la ukumbini kwa kuwa kitanda hakikuwepo. Wakarudi nyumbani. Jumapili, misa ilipokwisha, akasimama penye ukuta wa kanisa, mahali wanaume wanapovutia sigara, akasema, "Naenda Dublin kwa baiskeli. Nani anakuja?"

"Kufanya nini?" akauliza mmoja.

"Kununua kitanda."

"Utakibeba kwenye kapu la baiskeli?"

"Nitakibeba kichwani kama mama yako anavyokubeba wewe mpaka leo," Malachy akajibu, na watu wakacheka, na walipomaliza kucheka wachache walikuwa wameshasema ndiyo. Huo ndio mwanzo. Ndoo za kuchangisha, tairi zilizotiwa viraka, sandwichi za hemu ya nguruwe zilizokatwa na mimi na mke wake Carmel mpaka vidole vikanuka siagi.

Basi lilikuwa wazo lake pia. Aliazima basi dogo la shule, akawapakia humo watoto wenye ugonjwa ule kutoka kila upande wa magharibi, akaliweka mbele ya baiskeli. Kila mwaka watoto wale walikwenda Dublin wakiimba, vichwa nje ya madirisha, maputo yamefungwa kwenye vioo. Lazima uelewe walikuwa watoto wa aina gani. Kila mmoja alikuwa peke yake shuleni kwake, ndiye yule anayekohoa mpaka mwalimu ananyamaza, ndiye anayemeza vidonge kiganja kizima kabla ya kula. Sasa wamekutana. Walishindana nani anakohoa kwa sauti kubwa zaidi. Walibadilishana pipi kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Na watu wa kando ya barabara, wakiona nyuso zile, walimimina ndooni mpaka noti. Bila basi tungepata nusu.

Hakuna aliyeona ubaya. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, tulilijua hilo, tulikuwa tukiwaambia majirani waoga kila siku. Tusilolijua ni kwamba vijidudu vilivyojenga katika mapafu ya mmoja vinaweza kurukia mapafu ya mwingine mwenye ugonjwa uleule, wakati mimi na wewe havitufanyi kitu. Tulikuwa tumewafungia pamoja siku mbili kwa kuwapenda. Nikifikiria jambo hilo hasira hunipanda mpaka leo, na sina wa kumkasirikia. Tungekuwa watu wasiojali, kila mtoto angebaki kwao, na pengine angeishi zaidi.

Rafiki wa Sorcha ndani ya basi alikuwa Fintan Devaney, mtoto mwembamba mwenye nywele nyekundu, mwana wa pekee wa Nuala Devaney, mjane aliyekaa kando ya barabara ya Strokestown. Mwaka mzima walingojana. Katika msafara wa mwaka 1990, wote wawili wana miaka kumi na mmoja, Carmel aliwapiga picha wakiwa kiti cha nyuma, vichwa vimegusana, wanacheka, wameshika pamoja chupa moja ya soda nyekundu. Akamtumia Nuala nakala. Nuala akaitia fremu.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi walilijua Malachy na Carmel tu. Kipupwe kilichotangulia, mapafu ya Sorcha yalikutwa na kijidudu kipya, kigumu, kisichosikia dawa. Mwezi wa Aprili nesi mmoja akapiga simu nyumbani. Akasema kuna maneno kutoka ng'ambo kwamba watoto wenye kijidudu hicho wasichanganywe na wenzao. Bado halijathibitishwa, akasema, wala si amri ya daktari, ila mimi ningekuwa wewe mwaka huu ningemwacha nyumbani.

Malachy akamwambia Sorcha hataenda. Mtoto akalia. Akalia siku nyingi, kulia kukaleta kukohoa, kukohoa kukaleta damu kidogo kwenye leso. Alikuwa ameshamtengenezea Fintan bangili ya nyuzi. Halijathibitishwa, Malachy akajiambia. Siku mbili tu. Akamruhusu.

Masika yaliyofuata Fintan alikutwa na kijidudu kilekile, na wengine wawili wa basi pia. Fintan alikufa mwezi wa Oktoba. Basi lilikuwa limeshakomeshwa, na hospitali ilikuwa imeshatoa amri kwamba wagonjwa wasikae chumba kimoja. Kwa hiyo Sorcha hakuingia kanisani siku ya kumzika. Malachy aliegesha gari ng'ambo ya barabara, vioo vimefungwa, na msichana akaliona jeneza likitoka kupitia kioo kilichojaa mvuke wa pumzi zake. Sorcha naye alitutoka Februari ya mwaka uliofuata. Nasema alitutoka, sisemi alikufa. Ulimi wangu haujawahi kulizoea neno hilo.

Ndipo ilipoanza desturi yetu. Msafara ukifika kwenye nyumba iliyofiwa na mtoto wa ugonjwa ule, waendeshaji wote wanashuka, wanasukuma baiskeli kwa miguu kimya kimya mpaka ukuta wa nyumba ile uishe, ndipo wanapanda tena. Hakuna aliyeiamuru. Mwaka wa kwanza Malachy alishuka langoni kwa Nuala kwa sababu miguu ilimlegea, wa nyuma yake wakadhani ni heshima, wakashuka nao. Unasikia mamia ya magurudumu yakitoa sauti ya tiki-tiki-tiki na hakuna anayesema.

Na Nuala, kila mwaka, aliweka meza nje ya lango lake. Kitambaa cha plastiki chenye maua, birika lililovishwa sweta, mkate wa kahawia wa magadi na siagi. Ile meza ilikuwa ya Malachy. Wengine walipita, yeye akasimama, akanywa kikombe kimoja, wakazungumza habari za mvua na bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Na kila mwaka picha ile ilikuwa pale mezani, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, ili Fintan aone msafara ukipita. Mimi katika Ufagio nilingoja nyuma yake, nikamwona kaka yangu akinywa chai mbele ya picha ile kama mtu anayemezeshwa dawa. Nilidhani ni huzuni ya kawaida. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nilijisemea.

Aliniambia habari ya simu ya nesi mwaka tulipomzika Carmel, kwa sababu sasa alibaki nayo peke yake na ilimshinda. Nilimpa jibu palepale, na sijalibadilisha: usimwambie Nuala kamwe. Akaendelea kunywa chai yake ya kila mwaka.

Miaka ikaenda. Siku hizi kuna vidonge vipya, Malachy alipokuwa hai ndiyo kwanza vilikuwa vinasikika, na watoto wengine wa ugonjwa ule wanakua, wanaoa, wanaendesha baiskeli wenyewe katika msafara. Tunamweka mmoja mbele kabisa na mwingine nyuma kabisa wasikaribiane, nao wanapungiana mikono kwa mbali. Malachy alipowatazama alikuwa akigeuza uso.

Kisha ukaja mkutano wa kamati ya msafara wa mwaka 2016. Tulikutana ukumbi wa parokia mwezi wa Februari, hita moja inafanya kazi na nyingine inatoa harufu tu. Mwenyekiti wetu, Eunan Prior, muuza matrekta, mtu mwema mwenye sauti ya mnada, akatangaza kwamba mwaka huu fulana za waendeshaji zitakuwa na picha mgongoni. Nuala akasimama. Alikuwa amekuja kwa lifti ya jirani kutoka Strokestown, amevaa koti lake la kanisani. Akatoa fremu kwenye mfuko wa plastiki.

"Nimefikiri," akasema, "hawa wawili waende Dublin tena. Wote wawili. Waende migongoni mwenu."

Watu wakapiga makofi. Kuna waliofuta macho. Eunan akaishika picha juu kama anauza ndama. "Nani anapinga?" akauliza kwa kicheko.

"Mimi," Malachy akasema.

Eunan akadhani ni mzaha. "Malachy, ni binti yako mwenyewe huyu."

"Namjua binti yangu. Picha hiyo hapana. Tafuteni nyingine, wekeni ua, wekeni hata punda. Hiyo hapana."

"Sababu?"

"Hapana ndiyo sababu."

Nuala akairudisha fremu ndani ya mfuko wa plastiki, polepole, mikono inatafuta mdomo wa mfuko na haiupati. Shingo yake ilikuwa imeiva nyekundu. Hakuna aliyemtazama. Nilitamani kumpiga kaka yangu kwa kiti.

Nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anachemsha maji na birika halina maji.

"Umemwaibisha mama wa watu mbele ya parokia nzima," nikamwambia.

"Najua, Mena."

"Mwambie picha imefifia. Mwambie mchapaji ameikataa. Uongo mdogo, Malachy, haujapata kuua mtu."

"Mimi nakijua kilichoua mtu."

"Yaliyopita si ndwele."

"Haya ndiyo ndwele yenyewe." Akakaa. Akiwa mzee masikio yake yalikuwa yamezidi kukua, alionekana kama mtoto aliyeadhibiwa. "Baiskeli mia tano, Mena. Mia tano mbele yangu, siku mbili, na chupa ile kila mgongo. Siwezi. Na yeye anadhani nimemkataa mwanawe. Nitamwambia."

"Ukimwambia utapata nafuu wewe. Yeye atapata nini?"

"Ukweli."

"Atauweka wapi? Kabatini, pamoja na vikombe vya wageni?"

Akainuka kujaza birika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, na pengine ndivyo nilivyokuwa, rahisi kwangu kumwambia abebe. Lakini nilikuwa nimemwona Nuala akiifuta fremu ile kwa ncha ya aproni kila mwaka kabla ya kuiweka mezani. Nilijua nini kiko hatarini na nilijua ni cha nani. Hakikuwa cha Malachy.

Juni ikafika. Fulana zilikuwa za buluu tupu. Manyunyu yalianza tangu asubuhi, yale yasiyoloanisha mtu kwa haraka ila hayamwachi mkavu. Tulipofika barabara ya Strokestown waendeshaji wakashuka, magurudumu yakaanza tiki-tiki-tiki kandokando ya ukuta. Meza ilikuwepo. Nilishangaa kuiona, na nikafurahi, nikadhani yamekwisha.

Malachy akaegemeza baiskeli. Mimi nikasimamisha Ufagio nyuma yake, kioo nimekishusha kwa sababu kifutio cha kioo cha mbele kilikuwa kibovu, na nilisikia kila neno.

Nuala akammiminia chai. "Kunywa, Malachy Feerick. Mimi si mtu wa kumnyima mtu chai. Ila leo utaniambia. Uso wa mwanangu ulikukosea nini?"

"Haukunikosea."

"Basi?"

Picha ilikuwa palepale, mbele ya sukari, imefunikwa kipande cha nailoni isilowe. Malachy akaweka kikombe chini bila kukionja. Akamwambia. Alisema kwa maneno machache, kama alivyokuwa akisoma anwani. Kijidudu, kipupwe, simu ya nesi, bangili ya nyuzi. Waendeshaji wa mwisho walikuwa wakipita, wameinamisha vichwa kwa heshima.

"Simu ilikuwa kabla ya basi?" Nuala akauliza.

"Aprili."

"Ukajua."

"Nilijua nusu."

"Nusu." Bado alikuwa ameshika birika. "Na hiyo nusu hukuniambia mimi, nichague mwenyewe kama wangu atapanda."

"Sikukuambia."

Niliona manyunyu yakiingia ndani ya kikombe. Kisha Nuala akasema, na hakupaza sauti, "Nina picha nyingi za Fintan. Katika zote anakohoa, au ametoka kukohoa, au unaona anajizuia asikohoe. Hii moja tu anacheka. Naiangalia nikiamka kabla sijaenda chooni. Kifo chake nilishamwachia Mungu, Malachy, nilimaliza, nilifunga. Zile siku mbili za basi ndizo nilizobaki nazo. Nilikuwa najiambia, walau alipata zile. Sasa umekuja kuzichukua."

"Nilitaka ujue."

"Ulitaka upumzike." Akaweka birika mezani. "Ungeubeba. Ulikuwa mzigo wako. Ungeubeba mpaka kaburini, na mimi ningekupa chai kila mwaka, na tungekufa marafiki."

Akaanza kuingiza vitu ndani. Mkate kwanza, halafu sukari, halafu picha kaiweka kifuani chini ya sweta. Malachy akashika ncha ya meza amsaidie kuibeba.

"Usiguse," akasema.

Akaiburuta mwenyewe, miguu ya meza ikichora changarawe, akafunga lango. Nilishuka nikamwambia kaka yangu aingie garini. Alikuwa ameloa, midomo imekuwa ya buluu. "Mimi si wa kuokotwa na Ufagio," akasema, akapanda baiskeli. Aliendesha mpaka Dublin akikabili upepo wa mbele, na mimi nyuma yake na hasira zangu, nikiwaza kwamba mtu anaweza kuwa mkweli na mwizi katika saa ileile.

Mwaka uliofuata lango lilifungwa, na mapazia ya nyumba pia. Waendeshaji walishuka kama kawaida, wengi hawakujua lolote, ingawa habari za namna hii hazina mlango na mwisho wake Kilbrone nzima ilizipata. Malachy alibaki nyuma ya wote. Akavua kofia, akasimama mahali meza ilipokuwa ikisimama, kisha akaondoka. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Hakupiga hodi. Hakuandika neno. Nilimwuliza kama amepata ile nafuu aliyokuwa akiitafuta. Akasema hapana, sasa anabeba na mzigo wa Nuala pia.

Alikufa mwanzo wa mwaka 2019, bandani kwake, mnyororo wa baiskeli mikononi. Moyo. Nilimvisha mwenyewe. Koti lake zuri bado lilikuwa linambana kwapani, basi nikamvika koti la posta.

Tulimweka sebuleni jeneza wazi, kama wanavyowekwa watu wetu, na siku nzima msururu wa watu ukaingia mlango wa mbele na kutokea jikoni. Pole kwa msiba, Mena. Pole sana. Alikuwa mtu kweli. Chai, sandwichi za hemu, chai. Eunan alisimama karibu na jiko akihesabia watu vitanda ambavyo msafara ulinunua, na kwa kweli vilikuwa vingi, na kwa kweli kuna watu wazima wanaopumua leo kwa ajili ya ukaidi wa maiti yule.

Alasiri Nuala Devaney akaingia. Msururu ukampisha njia. Amefunga vifungo vyote vya koti lake la kanisani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Akanishika mkono.

"Pole, Mena."

"Asante kwa kuja, Nuala."

Akasimama mbele ya jeneza. Watu wote huigusa mikono ya marehemu, hata watoto tunawafundisha. Yeye hakuigusa. Alimtazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma jina kwenye mlango asiye na hakika kama ndiko alikotumwa. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi laini, akanipa.

"Mwekee," akasema. "Hiki ni chake."

Akapita jikoni bila kuketi, bila chai, akatoka. Nilimsikia Eunan nyuma yangu akisema kwa ile sauti yake ya mnada, "Mnaona? Amemsamehe. Ameleta picha," na wanawake wakaanza kulia kwa raha, na mmoja akasema sasa Malachy atapumzika.

Nilikwenda chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikafungua karatasi.

Ilikuwa nusu ya picha. Alikuwa ameikata kwa mkasi. Si kwa hasira, hapakuwa na mahali palipochanika. Alikuwa amemzunguka mwanawe taratibu, nywele, sikio, bega, kama fundi wa nguo anayefuata chaki, akamtoa mzima akabaki naye. Alichoniletea ni Sorcha, peke yake kwenye kiti cha nyuma cha basi, mdomo wazi kwa kicheko, kichwa kimeinama upande kuegemea mtu ambaye hayupo. Mkononi ana chupa ya soda nyekundu. Na kwenye shingo ya chupa, vimebaki vidole vitatu vya Fintan, vimeshika.

Niliiweka katika mfuko wa koti la posta, upande wa moyo, nikafunga kifungo. Eunan sikumwambia kitu, wala wale wanawake, waache walie kwa raha. Walipofunga jeneza nilikuwa nawaza vile vidole. Kuna watakaosema Nuala hakuviona, macho ya uzeeni. Mimi nadhani aliviona. Nadhani alikaa mezani kwake mkasi mkononi mchana kutwa, akitafuta namna ya kuvipata bila ile chupa, na namna haikuwepo.